Karatasi za Dawa za Sumu: Ni Nani Aziandike?

Wakulima wa skimu za Nakuru, Nyandarua na sehemu nyingine za katikati ya Bonde la Ufa hutumia dawa za sumu za namna nyingi kila mwaka. Viazi hunyunyizwa dawa ya kuzuia ukungu. Mahindi hunyunyizwa dawa ya viwavi, hasa tangu viwavijeshi wageni walipoonekana Kenya mwaka 2017. Ng'ombe huogeshwa kwa dawa ya kupe. Minji ya Kinangop na mishiri ya Naivasha haiwezi kupelekwa Ulaya bila mkulima kueleza ametumia dawa gani, na lini.

Pamoja na dawa hizi huja karatasi. Kuna karatasi inayoeleza hatari ya dawa, kuna daftari la stoo, kuna daftari la kunyunyiza, na kuna taarifa ya ukaguzi. Chama cha ushirika kikitazama kazi hii yote, swali moja hutokea upesi: je, karani wetu aandike karatasi hizi, au tumlipe mtaalamu kutoka mjini atuandikie?

Jibu fupi ni hili. Maarifa yanaweza kununuliwa, lakini kumbukumbu hainunuliwi. Mtu wa nje aweza kuwafundisha, kuwapimia na kuwakagua. Hawezi kuandika habari za siku ambayo hakuwapo. Yafaa tueleze jambo hili kwa taratibu, maana chama kikikosea hapa kitapoteza fedha, na pengine maisha ya mtu.

Karatasi hizi zina kazi gani?

Wako watu wanaodhani karatasi za dawa ni za kumfurahisha mkaguzi tu. Sivyo. Tuseme mtoto amekunywa dawa usiku katika nyumba iliyo mbali na mji. Mzazi anamkimbiza hospitali. Jambo la kwanza atakaloulizwa ni, "Amekunywa nini?" Swali hilo si la bure. Dawa za jamii ya oganofosfeti, zinazotumiwa kuua wadudu, na dawa ya amitrazi, inayotumiwa kuua kupe, zaweza kuleta dalili zinazofanana: mboni za macho huwa ndogo, moyo hupiga polepole, na mtu hulegea kama mwenye usingizi mzito. Lakini matibabu yake si mamoja. Daktari akionyeshwa lebo, au akiambiwa jina kamili la dawa, atajua pa kuanzia. Akiambiwa "ni dawa nyeupe ya ng'ombe" itambidi abahatishe.

Sasa fikirini kwamba karatasi ya dawa ile imeandikwa vizuri sana, lakini imefungiwa katika ofisi ya mtaalamu mjini Nakuru, nayo ofisi hufunguliwa saa mbili asubuhi. Itamfaa nini mtoto yule?

Kazi ya pili ya karatasi ni soko. Mwaka 2013 nchi za Umoja wa Ulaya zilianza kupima shehena kumi katika kila mia za maharagwe mabichi na minji ya maganda kutoka Kenya, kwa sababu mabaki ya dawa yalikuwa yameonekana katika mboga hizo. Shehena inayoshikwa kwa kupimwa huchelewa, na mboga mbichi haingoji. Mkulima aliyekuwa na daftari safi aliweza kuonyesha kwamba kosa si lake. Asiye na daftari hakuwa na la kusema.

Karatasi za aina tatu

Kabla ya kuamua nani aandike, hapana budi kwanza kuzitenga karatasi hizi katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni karatasi ambazo si ninyi wala mtaalamu mnaopaswa kuziandika. Hizi ni lebo ya dawa na karatasi ya usalama. Karatasi ya usalama hutoka kwa mtengenezaji wa dawa. Kwa utaratibu uliokubaliwa na Umoja wa Mataifa na kutangazwa mwaka 2003, karatasi hii ina sehemu 16. Sehemu ya pili hueleza hatari za dawa. Ya nne hueleza huduma ya kwanza. Ya tano ni habari za moto, na ya sita ni jinsi ya kusafisha dawa ikimwagika. Ya saba hueleza namna ya kuiweka, ya nane mavazi ya kujikinga, na ya kumi na tatu namna ya kutupa mabaki.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka anayeleta au kuuza kemikali za hatari atoe karatasi hiyo. Kwa hiyo msimlipe mtu yeyote kuwaandikia kitu ambacho ni haki yenu kupewa. Chama kinaponunua dawa kwa wingi, katibu aiombe karatasi siku ile ile ya kulipa. Agroveti yenye leseni ikikosa kuwa nayo, inaweza kuiagiza kwa kampuni iliyoleta dawa. Vilevile tazameni kama lebo ina nambari ya usajili inayoanza na herufi PCPB. Hizo ni herufi za bodi ya serikali inayosajili dawa za kuua wadudu, magugu na magonjwa ya mimea, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1982. Dawa isiyo na nambari hiyo msiipokee, hata ikiwa bei yake ni nafuu.

Fungu la pili ni kazi zinazohitaji ujuzi ambao chama hakina. Kupima hatari za stoo kwa mara ya kwanza ni moja. Kupima mabaki ya dawa katika mboga ni nyingine, maana inahitaji maabara kama ile ya KEPHIS. Kupima nguvu ya maji ya josho pia ni kazi ya maabara, na hapa Nakuru ipo maabara ya serikali ya uchunguzi wa mifugo. Tena kuna kazi ambayo sheria yenyewe yataka ifanywe na mtu mwenye kibali. Sheria ile ya mwaka 2007 yasema mwenye mahali pa kazi ahakikishe pamekaguliwa walau mara moja kila miezi 12 na mshauri wa usalama na afya, naye mshauri atoe taarifa. Kama chama kimeajiri watu katika stoo, josho au kituo cha maziwa, karani hawezi kuitoa taarifa hii hata awe hodari namna gani. Hapa mlipeni mtaalamu bila kusita.

Fungu la tatu ni kumbukumbu za kila siku: dawa gani imeingia stooni, nani aliichukua, ilinyunyizwa shamba gani, tarehe gani, kwa kipimo gani. Haya yajulikana na ninyi peke yenu. Mtaalamu akikaa mjini na kujaza daftari la namna hii kwa kupigiwa simu mwisho wa mwezi, ameandika hadithi. Na daftari la hadithi ni baya kuliko kutokuwa na daftari, kwa kuwa watu hulitegemea.

Madaftari manne ya chama

Kwa chama kidogo cha skimu, madaftari manne yatatosha.

1. Daftari la stoo. Kila dawa inayoingia iandikwe jina lake, nambari ya usajili, kiasi, tarehe ya kununuliwa na tarehe ya kuharibika. Kila inayotoka iandikwe jina la aliyeichukua na kazi iliyokusudiwa. Andikeni pia rangi ya utepe ulio chini ya lebo. Nyekundu ni sumu kali kuliko zote, kisha njano, kisha buluu, na kijani ndiyo yenye hatari ndogo. Hata ya kijani si maji ya kunywa.

2. Daftari la kunyunyiza. Hapa huandikwa shamba, zao, mdudu au ugonjwa, jina la dawa, kipimo, jina la mnyunyizaji, tarehe, na siku za kungoja kabla ya kuvuna. Lebo ikisema siku 7, na dawa ikanyunyizwa tarehe 3, basi hapana kuvuna kabla ya tarehe 10. Iandikeni tarehe ya kuvuna siku ile ile ya kunyunyiza, ili pasiwe na ubishi mnunuzi akifika mapema.

3. Daftari la josho. Mhudumu wa josho aandike idadi ya ng'ombe waliooga, kiasi cha maji kilichoongezwa na kiasi cha dawa kilichoongezwa. Mvua ikiingia josho aandike pia, kwa kuwa maji ya mvua hupunguza nguvu ya dawa. Dawa ikipungua nguvu, kupe hawafi wote, na wanaosalia huzoea dawa. Kisha ndigana hurudi, na mwenye ng'ombe hulaumu dawa ilhali kosa ni la kipimo.

4. Daftari la watu na ajali. Andikeni ni nani waliofundishwa kunyunyiza, nani amepewa glavu na viatu vya mpira, na kila ajali hata ikiwa ndogo. Mtu aliyerukiwa na dawa machoni leo akapona, aandikwe leo. Wakirukiwa watatu kwa mwezi mmoja, daftari litawaonyesha kwamba bomba linavuja.

Mtu aliyemaliza shule ya msingi aweza kuyajaza madaftari haya akionyeshwa kwa siku mbili au tatu. Hakuna siri ndani yake. Jambo gumu ni kuandika kila siku bila kuacha.

Hesabu ya gharama

Wanachama hupenda kuuliza, "Ipi ni rahisi?" Tufanye hesabu ya mfano, nanyi mtie bei za kwenu.

Tuseme chama kina wanachama 60, na mtaalamu anataka shilingi 60,000 kwa mwaka ili ashughulikie karatasi zote. Hiyo ni shilingi 1,000 kwa kila mwanachama. Upande wa pili, tuseme karani atumie siku moja kwa wiki kwa kazi hii, naye alipwa shilingi 800 kwa siku. Kwa wiki 52 ni shilingi 41,600. Ongezeni shilingi 2,400 za madaftari na kalamu, jumla shilingi 44,000. Mwaka wa kwanza ongezeni shilingi 16,000 za kumlipa mtaalamu aje siku chache kuwafundisha na kuwapangia madaftari. Jumla yafika shilingi 60,000.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza gharama ni sawasawa. Mwaka wa pili mafunzo hayamo, na kazi ya karani yarudi shilingi 44,000, lakini mtaalamu atadai shilingi 60,000 zake tena. Fedha za karani hubaki katika skimu, na ujuzi hubaki pia. Ukaguzi wa kila mwaka unaotakiwa na sheria una malipo yake mbali, njia yoyote mtakayofuata. Basi msiuhesabu upande mmoja tu, maana mtajidanganya.

Ubaya wa kujiandikia wenyewe

Si haki kusifu njia moja bila kusema ubaya wake. Karani ni mtu wa kwenu. Huenda mwenyekiti ni mjomba wake. Mwenyekiti akivuna minji siku mbili kabla ya wakati, karani ataona haya kuandika tarehe ya kweli. Tena karani aweza kupata kazi mahali pengine, akaondoka na ujuzi wote kichwani mwake.

Dawa ya ubaya wa kwanza ni jicho la nje. Vikundi vinavyouza mboga kwa cheti cha GLOBALG.A.P., ambacho kabla ya mwaka 2007 kiliitwa EUREPGAP, vina utaratibu mzuri ambao chama chochote chaweza kuuiga. Kikundi huchagua mkaguzi wake wa ndani, naye hukagua kila mwanachama walau mara moja kwa mwaka, lakini haruhusiwi kukagua shamba lake mwenyewe. Kisha mkaguzi wa nje huja na kuchagua mashamba machache ya kutazama. Kikundi chenye wakulima 49, atatazama mashamba 7, kwa kuwa saba mara saba ni 49. Akikuta daftari la shamba moja halilingani na stoo, kikundi kizima chaweza kunyimwa cheti. Mkaguzi huyo wa nje hawezi kuwa ndiye aliyewaandikia karatasi, maana hakuna mtu awezaye kujisahihisha mtihani wake mwenyewe.

Dawa ya ubaya wa pili ni kufundisha watu wawili, si mmoja. Karani na mhudumu wa josho wajue kazi moja. Mmoja akiugua, mwingine ashike kalamu.

Sheria nayo yasaidia. Mahali palipoajiriwa watu 20 au zaidi, pawe na kamati ya usalama na afya yenye wajumbe wa upande wa mwajiri na wa upande wa wafanyakazi. Mashamba makubwa ya maua ya Naivasha yana kamati za namna hii, na huajiri mtu ambaye kazi yake ni usalama tu. Chama cha skimu hakina uwezo huo. Hata hivyo wajumbe watatu wa kamati ya chama waweza kufungua stoo kila mwezi, wakahesabu makopo na kulinganisha na daftari. Kazi hiyo ni ya saa moja.

Mkimlipa mtaalamu, mwagizeni haya

Pengine mtaona ni lazima mtaalamu awepo, walau mwaka wa kwanza. Ni sawa. Lakini kabla ya kutia sahihi, andikeni masharti yenu.

Kwanza, aje mwenyewe stooni na joshoni, atazame kwa macho yake. Mtaalamu anayeandika mpango wa usalama bila kuona mahali stoo ilipo, upande upepo unakotoka, na umbali wa kisima, amenakili tu karatasi za watu wengine. Mkikuta jina la shamba lisilo lenu katikati ya kurasa, mrudishieni.

Pili, aandike kwa Kiswahili, au kwa lugha ambayo mnyunyizaji mwenyewe aisoma.

Tatu, karatasi zote ziwe mali ya chama, na nakala moja ikae karibu na stoo, mahali ambapo hata stoo ikiungua moto karatasi itapatikana.

Nne, awafundishe watu wawili kabla ya kulipwa malipo ya mwisho.

Tano, kumbukeni kwamba wajibu hauhamishwi. Sheria humtazama mwenye mahali pa kazi. Mfanyakazi akiumia kwa dawa, kamati haiwezi kusema, "Mambo hayo tulimwachia mtaalamu." Mmemlipa awasaidie, hamkumpa mzigo wa dhamana yenu.

Jaribio la kopo moja

Liko jaribio jepesi la kujua kama karatasi zenu ni za kweli, ziwe zimeandikwa na karani au na mtaalamu. Ingieni stooni, chukueni kopo moja lolote, kisha mjibu maswali matano kwa kutumia karatasi zilizopo tu, bila kumpigia mtu simu.

Kopo hili lilinunuliwa lini? Dawa iliyotoka ndani yake imetumiwa wapi, na nani? Zao lile laweza kuvunwa tarehe gani? Mtu akirukiwa machoni au akimeza, afanyiwe nini kwanza? Kopo likiisha, litapelekwa wapi?

Mkiweza kuyajibu matano yote kwa muda wa kuchemsha chai, karatasi zenu ni nzuri. Mkishindwa hata moja, mmepata kazi ya kufanya wiki hii, wala msingoje mkaguzi. Katika swali la nne wengi hujibu, "Atapishwe." Hilo ni kosa. Msimtapishe mtu aliyekunywa dawa isipokuwa lebo au daktari aseme hivyo, kwa kuwa dawa nyingine huunguza koo mara ya pili ikirudi, au huingia mapafuni. Na katika swali la tano, kopo tupu lisafishwe mara tatu, maji yake yamiminwe katika bomba la kunyunyizia, kisha litobolewe. Lisitiwe maziwa wala maji kamwe.

Mambo ya kufanya mwezi huu

Kamati iitishe mkutano, iyatenge mafungu matatu tuliyoyataja, na kuandika jina la mtu mbele ya kila karatasi. Katibu aombe karatasi za usalama za dawa zote zilizomo stooni. Karani apigie mistari madaftari manne. Mweka hazina atenge fedha za ukaguzi wa mwaka. Bwana Shamba na afisa wa mifugo wa wadi yenu waombwe wayapitie madaftari mara ya kwanza, na mkiwauliza maswali mapema watawasaidia zaidi kuliko mkiwaita baada ya ajali.

Dawa za sumu zimesaidia skimu zetu kuvuna viazi visivyooza na kufuga ng'ombe wasiokufa kwa kupe. Lakini dawa haina macho ya kumtambua mwenyewe. Macho yake ni daftari, na daftari la kweli huandikwa na yule aliyekuwapo dawa ilipofunguliwa.